Muyaka wa Nani? Kuhusu Wasifu wa Mtunzi Uliochotwa Diwanini

Yapo mazoea katika tasnifu za ushairi wa Kiswahili ambayo yamekwisha kugeuka kanuni: sura ya awali humweleza mtunzi, na sura zifuatazo huzieleza tungo zake kwa mujibu wa maelezo hayo. Kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa utaratibu huu ni kuzunguka palepale. Sehemu kubwa ya yale yasemwayo juu ya maisha yake imechotwa katika mashairi yake yenyewe na katika ufafanuzi ulioambatana nayo. Mhakiki anayeyarudisha mashairini kama ushahidi hajathibitisha lolote. Hata miaka 1776 na 1840, ambayo ni makadirio, huandikwa kana kwamba imenakiliwa daftarini.

Ubeti unaolalamikia ufukara hufanywa hati ya kufilisika kwake. Ubeti wa mapenzi hutafutiwa mwanamke. Lakini tungo za Mvita ziliimbwa na kujibizwa, na malenga aliweza kusema kwa niaba ya mji, ya mtawala, au ya jirani aliyemwomba beti. Mashairi ya siasa yana nafuu. Mvutano wa Mazrui na Sayyid Said, uliokwisha kwa Mombasa kuangukia mikononi mwa Busaidi mwaka 1837, una ushahidi nje ya diwani, na hapo shairi na historia huweza kupimana. Kosa ni kuutwaa uhakika wa kundi hili na kuyavika mashairi yasiyo na shahidi.

Watetezi wa mtindo huu hudai kwamba shairi lisilo na mtunzi huelea hewani. Na iwe hivyo. Basi atafutwe aliyelishika lisielee. Huyo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, aliyezikusanya na kuzifafanua tungo hizi akishirikiana na W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza, miongo kadhaa baada ya Muyaka kufariki. William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na M. H. Abdulaziz akatoa utafiti mpana zaidi mwaka 1979. Katika nasaba hii ya wahariri Sikujua huitwa msaidizi (wa nani, haielezwi) na kuachwa tanbihini, ilhali sikio lililochagua na kumbukumbu iliyohifadhi vilikuwa vyake.

Jambo hili si la heshima tu. Miswada ya Taylor imehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS, na humo zimo tungo zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu. Khati hizo, kwa desturi yake ya zamani, hazikutenga daima irabu i na e, wala u na o. Kila neno katika chapa ya Kirumi, basi, limekwisha kupita katika uamuzi wa msomaji fulani. Mtafiti asiyezisoma khati hizo anachambua uamuzi wa mhariri huku akiuita sauti ya Muyaka, na kutoka hapo huingia moyoni mwa mtu ambaye hata tahajia yake hajaikagua.

Tasnifu ya Muyaka ingepaswa kuanza na Sikujua: alisikia kwa nani, alifafanua kwa ajili ya nani, na ni beti zipi alizoziacha kwa kuwa hazikumfaa mwanachuoni kumsomea mmisionari.