Afya ya Akili au Habari za Roho?

Shule za Bukavu zilipofunguliwa tena baada ya M23 kuingia mjini Februari 2025, mdogo wangu wa miaka 15 alirudi darasani kama wenzake. Majuma machache baadaye akaleta nyumbani daftari lenye neno moja la mwalimu, kwa Kifaransa: «distrait», yaani mawazo yake hayako darasani. Mama akamgombeza. Usiku nikamuuliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani ana nini. Akajibu: «Yaya, roho haiko inatulia. Usingizi haiko inakuya.» Mlango ukibamizwa, yeye husikia risasi.

Mwalimu aliona dalili, akaandika kosa. Simlaumu peke yake. Shule zetu zina maneno mengi ya kuhukumu mwanafunzi, ila zina machache ya kumsikiliza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba, wa miaka 10 hadi 19, anaishi na tatizo la afya ya akili. Na sisi tumeishi na vita kwa miaka karibu 30. Lakini jaribu kutamka «afya ya akili» mbele ya darasa letu. Shuleni, mtoto wa akili ni yule anayeshika nafasi ya kwanza. Asiye na akili ni mjinga, na aliyeharibika akili ni kichaa. Nani atanyoosha mkono? Neno la Kifaransa «traumatisé» nalo vijana wamekwisha kuligeuza tusi la kuchekeana.

Maneno ya maumivu tunayo. Roho inauma. Kichwa kinazunguka. Niko na mawazo mingi. Anayesema hivyo haoni haya, na anayemsikia haogopi. Tatizo ni kwamba maneno hayo huachwa langoni. Katika sekondari nyingi Kiswahili na Mashi bado huadhibiwa, ingawa Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa.

Wengine watasema Kifaransa ndicho lugha ya masomo na ya mtihani wa Serikali. Ni kweli, nami nakipenda. Hisabati ifundishwe kwa Kifaransa. Lakini mtoto anayetafuta kwanza nyakati za vitenzi ili aeleze hofu yake, atanyamaza.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mwalimu mhusika wa darasa apewe saa moja kwa juma ya kusikiliza, kwa lugha anayoichagua mwanafunzi, bila maksi wala adhabu. Kusikiliza si kutibu: mzigo ukizidi, apelekwe kwa wataalamu, kama wale wa SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo hapa mjini. Pili, sisi wa kitivo cha lugha tukusanye maneno ambayo vijana wenyewe hutumia kutaja uchungu wao, kwa Kiswahili cha Bukavu na kwa Mashi, tuwape walimu na wauguzi. Tusiwabunie istilahi mpya, kwa kuwa maneno yapo.

Waliotangulia walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila si kila afichaye amependa kuficha. Mwingine hajaulizwa kwa lugha yake. Swali lenyewe ni fupi: «Roho yako iko je?»