Pikipiki ya kasi si lazima iwe ya faida

LAMI ya Songea hadi Namtumbo, iliyogharimiwa na Marekani kupitia mkataba wa Changamoto za Milenia (MCC) uliotiwa saini mwaka 2008, imewarahisishia safari ya mjini wakulima wa Hanga na vijiji jirani. Lakini imeleta pia kishawishi. Kijana akishauza mahindi au ufuta, hutamani pikipiki ya mbio yenye kiti cha starehe, ya kwenda mbali bila kuchoka, badala ya ile ya kawaida ya kubebea mizigo.

Tamaa hiyo haikuanzia Ruvuma. Mwaka 1976 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa R100RS, pikipiki ya karibu cc 1,000 iliyokingwa mbele dhidi ya upepo, ili kasi na starehe ya safari ndefu vipatikane pamoja. Kwetu sura ya mbio imekuja na injini ndogo zaidi, mfano Pulsar, ambayo Bajaj ya India ilianza kuiuza mwaka 2001. Kampuni hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza Boxer, inayofahamika sana kwa waendesha bodaboda.

Ipi inamlipa mkulima? Jibu liko kwenye hesabu, siyo kwenye rangi ya tangi.

Tuchukue mfano wa safari ya kilomita 140 kwenda na kurudi, mara mbili kwa wiki. Pikipiki ya mbio inayokwenda kilomita 35 kwa lita itatumia lita 4. Ya kawaida inayokwenda kilomita 50 kwa lita itatumia lita 2.8. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, tofauti ni shilingi 3,600 kwa safari, yaani shilingi 374,400 kwa mwaka. Kwa mkulima anayeuza mahindi shilingi 500 kwa kilo, hayo ni karibu magunia saba na nusu ya kilo 100. Hapo hatujagusa tairi, cheni wala spea.

Isitoshe, injini ya mbio hutoa nguvu zake ikizunguka kwa kasi kubwa, wakati mzigo kwenye mlima wa udongo unahitaji nguvu katika mwendo mdogo. Mikono ya usukani iliyoinama na kiti cha nyuma kilichoinuka havikutengenezwa kwa ajili ya gunia.

Hata hivyo, siyo kila anayeinunua anapoteza. Mfanyabiashara wa bidhaa nyepesi, kama dawa za mifugo au vipuri vya simu, anayeshinda kwenye lami na kuhudumia vituo vingi kwa siku, anaweza kufidia gharama kwa muda anaouokoa. Kwake, mgongo usiouma ni sehemu ya mtaji.

Kwa wengine, starehe inaweza kununuliwa kwa bei nafuu: kiti kilichoongezwa sponji, shokapu nzima na kioo cha kukinga upepo juu ya pikipiki ya kawaida.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ajiulize mambo matatu: kilomita ngapi za safari zangu ni lami, nabeba kilo ngapi, na spea zinapatikana wapi? Anayenunua kwa mkopo aongeze la nne: mavuno yakiwa mabaya, rejesho litatoka wapi?