Ramani ya kibanja chako tusiiuze kwa butura

MSIMU uliopita wakala wa mnunuzi mmoja wa kahawa alipita katika kijiji kimoja cha Muleba akiwa na simu mkononi. Kila mwenye kibanja aliombwa asimame katikati ya migomba yake. Wakala akabonyeza simu, akaandika jina na namba ya kitambulisho, akaenda kwa jirani. Nilipomuuliza mzee mmoja kilichochukuliwa, alinijibu, "Mwanangu, alipiga picha tu."

Haikuwa picha. Zilichukuliwa namba mbili, latitudo na longitudo, zinazoonyesha mahali kibanja kilipo duniani. Picha yenyewe hupigwa kutoka juu sana, na huko juu siku hizi kuna biashara kubwa.

Zamani setelaiti zilikuwa mali ya serikali tajiri. Ile iliyopewa jina la Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi Desemba 12, 1970, ilikuwa ya Wamarekani na jukwaa la kurushia lilikuwa la Waitaliano. Kenya ilitoa bahari na jina. Leo wenye mitaji binafsi wameingia kwa nguvu. SpaceX, iliyoanzishwa mwaka 2002, inafanya kazi kama basi la Bukoba na Dar es Salaam: unalipa nauli, mzigo wako unapakiwa pamoja na wa wengine. Aprili 15, 2023 ilipakia Taifa-1 ya Kenya pamoja na setelaiti nyingine zipatazo 50. Taifa-1 iligharimu shilingi milioni 50 za Kenya, kama milioni 870 za kwetu kwa viwango vya wakati ule.

Mitaji hiyo ina hatari zake. Februari 2019 kampuni ya OneWeb ilirusha setelaiti zake 6 za kwanza, na mojawapo ikapewa jina la Kinyarwanda, Icyerekezo, kwa matumaini ya kupeleka intaneti katika shule ya kisiwa cha Nkombo, Ziwa Kivu. Machi 2020 OneWeb ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Iliokolewa na serikali ya Uingereza pamoja na Bharti ya India, wale wale wenye Airtel. Basi anayekuja kukuuzia hisa za roketi, mwache apite.

Fedha inayotuhusu sisi iko katika kuuza picha na tafsiri yake. Planet ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 2010 na watu waliotoka NASA, ina kundi la setelaiti ndogo zinazoweza kuenea katika kikapu cha sokoni, na huuza picha za karibu nchi kavu yote kila siku. Wanunuzi ni kampuni za bima, wakopeshaji na wafanyabiashara wa mazao. Apollo Agriculture ya Kenya, iliyoanza mwaka 2016, hutumia picha za setelaiti kuamua mkulima gani akopeshwe mbegu na mbolea.

Kwa kahawa yetu, aliyeleta haraka ni Umoja wa Ulaya. Sheria yake ya mwaka 2023 inakataza kuingiza huko kahawa iliyolimwa katika ardhi iliyokuwa msitu ukafyekwa baada ya Desemba 31, 2020. Kila shamba lazima lijulikane lilipo. Utekelezaji uliahirishwa mwaka 2024, ukaahirishwa tena mwaka 2025, na wapo wanaocheka kwamba hautafika. Mimi sicheki, kwa sababu wanunuzi wameshaanza kukusanya namba.

Hapa ndipo penye hatari kwa Mhaya. Kibanja chetu si shamba la kahawa tupu. Kuna migomba, kahawa chini yake, na juu yake mitoma na mishambya ya kivuli. Picha za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo hutolewa bure, zina vipimo vya mita 10 kwa 10; kibanja cha nusu hekta ni vipande 50 tu vya rangi. Kompyuta inaweza kuviona kuwa ni msitu. Ukikata mishambya miwili ya kuezekea nyumba ya mtoto wako, inaweza kusema umefyeka msitu. Sheria yenyewe haisemi hivyo. Inahesabu mashamba yaliyochanganywa na miti kuwa ardhi ya kilimo. Lakini picha haijasoma sheria, na mnunuzi mwenye haraka ataliruka jina lako achukue la jirani.

Upande wa pili, mtu aliyepanda misonobari kwenye rweya, akaivuna mwaka 2022 na kupanda kahawa pale pale, anadhani hana kosa kwa kuwa miti ilikuwa yake. Sheria hiyo inahesabu hata msitu wa kupandwa, ukizidi nusu hekta. Watu wa namna hiyo wapo, na sijasikia wakiambiwa.

Nani basi atasimama kueleza kwamba kile ni kibanja cha babu? Mwenye ramani. Na kwa mwendo huu, mwenye ramani atakuwa mnunuzi. Mkulima akitaka kumuuzia mwingine ataambiwa apimwe upya, au namba zake ziko kwa fulani. Tunaijua butura, kuuza kahawa ikingali mtini kwa bei ya shida. Kutoa namba za kibanja bila kubaki na nakala ni butura nyingine, tena hii haiishi na msimu.

Gharama si ya kutisha. Tuseme chama cha msingi kina wanachama 600. Kijana wa kijijini mwenye simu akipima vibanja 20 kwa siku, atamaliza kwa siku 30. Mlipe shilingi 20,000 kwa siku, jumla 600,000, yaani shilingi 1,000 kwa mwanachama. Ongeza mafunzo na nauli, bado ni chini ya bei ya kilo moja ya kahawa. Orodha ibaki chamani, nakala iende KCU na kwa mwanachama mwenyewe, na mnunuzi akitaka aiombe kwa maandishi na aichangie.

Kwa waliokwisha kupimwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuuliza taarifa gani zake zimeshikwa na zinatumika kwa kazi gani. Katibu wa chama aandike barua moja kwa niaba ya wote, majina na sahihi yakiambatishwa, na aipeleke kabla mizani haijafunguliwa.