Kabla Uamini "Utafiti Umeonyesha", Uliza Hili Swali Moja

Wasee, kuna maneno mawili yakitajwa hapa mtandaoni watu wote wananyamaza: "Utafiti umeonyesha." Ukiongeza namba yenye desimali tatu, mjadala umeisha. Na najua kuna mtu atasema, wewe uliacha chuo, unatuambia nini kuhusu takwimu? Poa. Chuo niliacha, kusoma sikuacha. Na msimamo wangu ni huu: tunakagua kile kompyuta ina kitufe chake, halafu tunaruka kile kinachoweza kuharibu kila kitu.

Makomredi wanajua venye hii hutokea. Unakusanya data, unampelekea jamaa wa SPSS, unamlipa, anakurudishia majedwali. Ukifika sura ya nne unabandika jaribio la Shapiro-Wilk kuonyesha data iko sawa, msimamizi anaweka sahihi, maisha yanasonga.

Sasa hilo jaribio linakagua nini? Chukua jaribio la t, lile la kulinganisha wastani wa makundi mawili. Msingi wake uliwekwa na William Sealy Gosset, aliyekuwa mfanyakazi wa Guinness, kiwanda cha bia cha Dublin. Alichapisha makala yake 1908 kwa jina la "Student", kwa sababu kampuni haikutaka wafanyakazi watumie majina yao. Kazini alikuwa na vipimo vichache tu, na alitaka kujua anaweza kuviamini kiasi gani.

Lakini hesabu hiyo ina masharti. Moja, namba zitawanyike kwa umbo la kengele: nyingi katikati, chache pembeni. Mbili, makundi yote mawili yatawanyike kwa kiasi kinachokaribiana. Tatu, kila kipimo kisimame peke yake, kisitegemee kingine.

Masharti mawili ya kwanza yana vifaa vyake. Kwa umbo la kengele unachora histogramu na kuiangalia kwa macho, au unatumia Shapiro-Wilk, jaribio la 1965. Kwa mtawanyiko kuna jaribio la Levene. Sharti likikataa, kuna njia mbadala kama Welch au Mann-Whitney. Na kuna kitu wengi hawaambiwi: Shapiro-Wilk ukiipa watu 10, mara nyingi haioni kitu hata kama shida ipo. Ukiipa watu 5,000, inapiga kelele kwa kasoro ndogo ambayo haiwezi kubadilisha jibu lako. Ndiyo maana wanatakwimu wengi wanakushauri uangalie picha kwanza, na utumie Welch tangu mwanzo.

Sharti la tatu halina kitufe.

Hebu fikiria unataka kujua kama waendesha boda wa stage A wanapata pesa kuliko wa stage B. Unachukua waendeshaji 5 kila stage, unawauliza mapato yao kwa siku 20. Kwenye kompyuta una mistari 200. Inakaa data nono. Lakini buda, hao ni watu 10. Mwendeshaji mwenye wateja wake wa kila siku atakupa namba kubwa mara 20, na kompyuta itadhani umekutana na watu 20 tofauti wenye bahati. Thamani ya p itatoka ndogo na tamu, na hakuna alama nyekundu itakayowaka. Na si wingi wa siku utakaokuokoa. Uliza kwa siku 200, bado ni watu 10.

Mtu atasema hii ni hesabu tu, nani ameumia? Aliumia Sally Clark, wakili wa Uingereza. Wanawe wawili wachanga walikufa, mmoja 1996, mwingine 1998, na yeye akashtakiwa kwa mauaji. Kortini, daktari wa watoto Roy Meadow alisema uwezekano wa vifo viwili vya ghafla kwa familia kama hiyo ni 1 kwa milioni 73. Namba ilitoka wapi? Walichukua 1 kwa 8,543, uwezekano wa kifo kimoja, wakaizidisha kwa yenyewe. Hiyo ni sawa tu kama kifo cha pili hakina uhusiano wowote na cha kwanza. Lakini ndugu wana damu moja, nyumba moja, mazingira yale yale. Sharti la tatu lilidhaniwa, halikukaguliwa. Alifungwa 1999. Chama cha wanatakwimu cha huko, Royal Statistical Society, kilijitokeza 2001 kusema hesabu hiyo haina msingi. Aliachiliwa 2003, baada ya kubainika pia kwamba majibu ya maabara ya mtoto mmoja hayakuwa yametolewa kwa upande wake. Alifariki 2007. Manze, hiyo si desimali. Ni maisha ya mtu.

Na si lazima tuende mbali kuona watu wakifikiria hili sharti mapema. Kuanzia 1998 huko Busia, Edward Miguel na Michael Kremer walipima faida ya dawa ya minyoo kwa wanafunzi. Shida ni kwamba minyoo huambukizwa. Ukimtibu mtoto mmoja, jirani yake wa dawati anafaidika pia. Kugawa watoto wa darasa moja, huyu dawa, yule bila, kungechanganya hayo makundi mawili. Kwa hivyo walichukua shule nzima nzima, shule 75, makundi matatu ya 25, wakizianzishia dawa kwa zamu. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 30,000, lakini kilichogawanywa ni shule. Miaka baadaye watafiti wengine walipewa data hiyo, wakairudia na kuchapisha majibu yao 2015. Walipata makosa, hasa kwenye hesabu ya faida iliyofikia shule jirani, na mabishano yakawa makali. Kwangu hiyo ni poa kabisa. Data ikiwa wazi, mwingine anaweza kukagua.

Ona tofauti. Busia sharti lilifikiriwa kabla ya dawa ya kwanza kumezwa. Komredi wetu analifikiria, kama analifikiria, akishalipa jamaa wa SPSS. Wakati huo hakuna mtu wa kumsaidia, kwa sababu jibu haliko kwenye faili. Liko kwa namna alivyokusanya data.

Kwa hivyo msee, ukiandika projekti, keti chini kabla ya kuchapisha maswali yako na uandike nani anahusiana na nani: darasa moja, familia moja, stage moja, grupu moja ya WhatsApp. Na sisi tunaotengeneza kontenti, kabla ya kusoma namba ya mtu mbele ya kamera, tuulize hivi: hawa ni watu wangapi kweli, au ni wachache waliohesabiwa mara nyingi?

Kama mwenye utafiti hawezi kujibu hilo, hiyo thamani yake ya p mimi siisomi.