Staji fupi kuliko umri wa betoni: barua ya wazi kwa Gavana wa Tshopo

Mheshimiwa Gavana,

Betoni hupimwa nguvu yake ikiwa na siku 28. Mwanafunzi wa ujenzi anayepewa staji ya mwezi mmoja anakuta msingi unachimbwa, anaona nondo zikifungwa, mbao zikipigiliwa na betoni ikimiminwa, kisha muda wake unaisha. Anaondoka na karatasi iliyogongwa muhuri bila kujua kama nguzo aliyosaidia kuisimamisha ni nzima au ni mbovu. Ninachokuomba ni kifungu kimoja katika kila mkataba wa ujenzi unaolipwa na jimbo: mkandarasi apokee wanafunzi wawili kwa muda usiopungua miezi mitatu, na kila mmoja afuate kitu kimoja, nguzo au mfereji, tangu kuchimbwa hadi majibu ya vipimo yatoke.

Sababu iko hapa hapa Kisangani. Tuko karibu na ikweta, na karibu kila mwezi mvua inanyesha. Mchanga uliolala nje usiku unafika kwenye mchanganyiko na maji yake, na fundi akimwaga ndoo zilezile za jana, betoni inakuwa laini, nyepesi kusukuma, na dhaifu. Darasani kila mtu anaandika kilo 350 za simenti kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Kwenye shantie mchanga unapimwa kwa toroli. Moja imejaa kama kichuguu, nyingine imesawazishwa kwa koleo. Kifaa cha kunasa tofauti hiyo si ghali. Ni koni ya Abrams, ya bati, yenye kimo cha sentimita 30: unaijaza kwa tabaka tatu, unachoma kila tabaka mara 25 kwa fimbo ya chuma, unaiinua polepole, unapima betoni imeshuka kiasi gani. Mwanafunzi aliyefanya hivyo asubuhi na mchana, akaandika mvua ya usiku na ndoo za maji, halafu akashuhudia vipande vya majaribio vikivunjwa siku ya 7 na ya 28, anajua kwa nini kipande kimoja kilishindwa. Ubaoni hilo halipatikani.

Wakandarasi watasema mwanafunzi anachelewesha kazi, na akiumia ni mzigo wao. Kuhusu kuumia wana haki, ndiyo maana kofia, viatu, bima na nauli viingizwe kwenye bei tangu mwanzo, jimbo livilipe waziwazi. Kuhusu kuchelewa sikubaliani nao. Anayepima betoni kila siku anakuachia daftari ambalo jimbo linaweza kulifungua siku ukuta utakapopasuka. Huenda ndiyo sababu wengine hawatampenda.

Watakaosema mji hauna shantie kubwa za kutosha wanatafuta kitu kisichohitajika. Kwenye jengo la ghorofa nyingi mwanafunzi hutumwa kuleta maji. Kwenye shule ya vyumba vichache anaiona kazi yote. Na kazi ndogo za namna hiyo zipo: programu ya maendeleo ya teritwari 145 za nchi imepanga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala hadi Isangi, Opala na Bafwasende. Mfereji mmoja wa maji ya mvua Mangobo au Lubunga nao unatosha kabisa.

Vyuo pia vina sehemu yao. Maadamu alama zinatolewa kwa ripoti nene inayoanza na historia ya kampuni, iliyonakiliwa kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka uliotangulia, kijana mwenye akili atatafuta sahihi, si kazi. Alama zitolewe kwa daftari la vipimo, na mtahini amuulize maswali juu ya kurasa mbaya zaidi.

Sheria nambari 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 ndiyo inayoongoza mikataba ya umma, na masharti ya kazi huandikwa kabla wakandarasi hawajatoa bei zao. Kwa hiyo kifungu hiki kiingie katika zabuni ijayo, hata kama ni ya shule moja tu, kabla haijatangazwa. Mkataba ukishasainiwa, mkandarasi atakuwa na haki ya kukikataa.