Kazi ya maabara huanza mikononi mwa askari

Mtu apandaye kilima cha Kacyiru, mjini Kigali, hupita karibu na Makao Makuu ya Polisi ya Taifa, wizara za serikali na hospitali. Katika kilima hicho hicho imo maabara ya uchunguzi wa jinai, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2018 na ambayo leo ni Taasisi ya Uchunguzi wa Jinai ya Rwanda. Kabla ya hapo sampuli za vinasaba zilikuwa zikisafirishwa hadi Ujerumani, na kesi ikakaa ikingoja majibu kutoka ng'ambo. Leo askari aweza kukabidhi kielelezo asubuhi bila kuvuka mipaka ya nchi yake. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo, kujivunia vyombo ni jambo moja, na kuvistahili ni jambo jingine.

Ili nieleweke, nitachukua chombo kimoja tu katika vile vitumikavyo katika maabara za namna hiyo duniani. Chombo hicho huitwa homojenaiza ya mawimbi ya sauti. Kazi yake ni kusaga, kuvunja na kuchanganya vitu ndani ya maji au dawa mpaka viwe kitu kimoja kilicho sawa pande zote. Hakina kisu wala jiwe la kusagia. Kina ncha ya madini ya titani, nyembamba kama kalamu, ambayo hutetemeka aghalabu mara 20,000 kwa kila sekunde. Hapo ndipo sikio la binadamu linapofikia ukomo wake wa kusikia.

Askari atafurahi kujua kwamba asili ya chombo hiki imo vitani. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba mawe fulani ya fuwele yakibanwa hutoa umeme. Ikaja kujulikana kwamba yakitiwa umeme nayo hujibana na kujitanua. Katika Vita Kuu ya Kwanza mwanasayansi Paul Langevin alitumia fuwele hizo kupeleka sauti isiyosikika chini ya bahari ili kuzisaka nyambizi za adui, na ikaonekana kuwa samaki waliopitiwa na sauti hiyo kwa karibu walikufa. Mwaka 1927 Wamarekani Robert Wood na Alfred Loomis walitangaza majaribio yao yaliyoonyesha kuwa sauti ya namna hiyo huweza kupasua chembe hai. Silaha ya kumtafuta adui ikawa chombo cha maabara.

Nguvu yake haitoki katika ncha kugonga kitu. Ncha inapotetemeka, maji huvutwa na kubanwa kwa kasi kubwa mno, na ndani yake huzaliwa viputo vidogo visivyoonekana. Viputo hivyo hukua, kisha huporomoka ghafla. Kila kimoja kinapoporomoka, joto lake la ndani huweza kufikia maelfu ya digrii kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Jambo hilo hilo ndilo lililowasumbua wanamaji, walipoona rafadha za manowari zinaliwa na viputo kana kwamba zimetafunwa.

Matumizi yake ni mengi. Katika maabara za tiba hupasua bakteria ili wataalamu wapate protini iliyomo ndani. Viwandani husaidia kuchanganya mafuta na maji katika dawa na vipodozi, na kutawanya rangi isigande mabonge. Si kwamba kila kiwanda kinaihitaji. Maziwa, kwa mfano, kwa kawaida hulainishwa kwa mashine ya shinikizo, ambayo Mfaransa Auguste Gaulin aliipatia hataza mwaka 1899. Mwenye busara huchagua chombo kwa kazi, hachagui kwa sifa.

Sasa tuje katika haki. Mtu amekufa, na inashukiwa amelishwa sumu. Daktari huchukua kipande cha ini. Sumu haikai sawasawa katika kipande hicho. Upande mmja waweza kuwa na nyingi na mwingine kidogo. Mpimaji akichota upande mmoja tu, aweza kumtia hatiani asiye na kosa au kumwachilia muuaji. Kwa hiyo ini husagwa kwanza mpaka tone moja liweze kusema kweli kwa niaba ya ini zima. Hapo ndipo chombo kama hiki kinapokuwa shahidi wa haki. Kadhalika sauti hiyo husaidia kuyatoa madawa ya kulevya yaliyojificha ndani ya unywele wa mtu.

Lakini shahidi huyu ana masharti. Hupasha joto, hivyo sampuli huwekwa katika barafu na sauti hutolewa kwa vipindi. Ncha yake isiposafishwa vizuri, mabaki ya sampuli ya jana yaweza kuingia katika ya leo. Hurusha ukungu hewani, hivyo damu yenye maradhi haisagwi pasipo kinga. Tena hukata nyuzi za vinasaba vipande vipande, kwa hiyo hakitumiwi ovyo mahali ambapo nyuzi hizo ndizo zinazotafutwa. Askari anayeisafisha bunduki yake kila siku hatashangaa kusikia haya. Silaha chafu humsaliti mwenyewe.

Wapo wasemao: haya ni mambo ya wanasayansi, kazi ya askari ni kulinda na kukamata. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtaalamu wa Kacyiru hakuwepo usiku ule kijijini. Aliyekuwepo ni askari. Nguo yenye damu mbichi ikifungwa katika mfuko wa plastiki, huoza na vinasaba vyake huharibika. Yafaa ikaushwe mbali na jua, kisha itiwe katika mfuko wa karatasi. Kipande cha ini kikikaa kutwa nzima katika gari lenye joto, huanza kubadilika kabla hakijafika mlangoni. Chupa isiyo na lakiri wala saini humpa wakili nafasi ya kuuliza, na kwa haki, ni nani aliyeigusa njiani. Mashine husaga kile ilicholetewa. Haina uwezo wa kurudisha kilichopotea. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kielelezo nacho ni mali, tena mali ya umma.

Kwa maoni yangu, mambo mawili hayana budi kufanywa na majeshi na polisi wa Afrika Mashariki yote. Kwanza, kila kuruta afundishwe kufunga, kuandika na kukabidhi kielelezo kwa bidii ile ile anayofundishwa gwaride, na mwanajeshi naye asiachwe nyuma, kwani wakati mwingine yeye ndiye wa kwanza kufika penye tukio. Pili, fedha za kununua mashine ziende pamoja na fedha za kumsomesha fundi wa kuitunza na za kununua ncha za akiba, maana ncha hulika kwa kazi kama ulikavyo ukingo wa jembe. Mashine iliyofunikwa kitambaa kwa kukosa fundi ni hasara iliyovaa sare.

Yatupasa kukumbuka ni nani anayengoja mwisho wa safari hii. Tangu mwaka 2009, katika hospitali ya hapo hapo Kacyiru, kituo cha Isange kimekuwa kikiwapokea wanawake na watoto waliotendewa ukatili. Mtoto wa namna hiyo hana kabila la wakili wala fedha za rushwa. Ana kielelezo kimoja tu, ambacho hakitapatikana tena. Afande akipokeaye amebeba mkononi haki yote ya mtoto huyo. Na akibebe, basi, kama abebavyo bendera ya nchi yake, asikiangushe.