Ufunguo wa Akiba, Kisha Tutawakali

Tulipokwenda Morningside, kwenye milima ya Uluguru, tulipoteza ufunguo wa gari. Magharibi ikaingia, watoto wanatetemeka kwa baridi.

Gari ilitoka Japani na ufunguo mmoja tu, nasi tukaridhika. Fundi wa Morogoro mjini akatueleza: kuchonga chuma si shida, shida ni chipu iliyomo ndani. Gari isipoitambua, injini haiwaki. Ukiwa na ufunguo mmoja, kuprogramu wa pili ni rahisi. Ikipotea yote, kazi na gharama huzidi.

Dada zetu, tusiwaachie waume jambo hili. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Kabla ya dera jipya, tuchongeshe ufunguo wa akiba, kwa fundi mwaminifu. Ufunguo ni amana.